Siku ya Kuanikia Nyavu

Gyda alikuwa mtunza mlingoti wa ishara, na kisiwani Torsholmen kazi hiyo haikuwa mchezo. Telegramu ikitoka kwa watabiri wa hali ya hewa mjini Bergen kwamba dhoruba inakuja, alipanda kilimani akatundika tufe jeusi, na hapo hakuna mashua iliyotoka. Si serikali iliyowalazimisha. Ni kiapo walichokula wenyewe mwaka ule bahari ilipomchukua baba yake Gyda: wote wanabaki au wote wanakwenda, asije mmoja akavua wenzake wamekaa. Aliyesimama mbele ya wanaume na kukidai kiapo hicho alikuwa mjane mwenyewe, Mama Ingerid, mama yake Gyda. Hilo naomba mlikumbuke.

Dhoruba za huku haziji peke yake. Wataalamu wa Bergen walimweleza Gyda, naye akaelewa upesi. Hewa ya baridi inashuka kutoka kaskazini, ya joto inapanda kutoka kusini, zinakutana juu ya bahari kuu na hakuna inayotaka kumpisha mwenzake. Mpakani hapo hewa inajikunja. Ya joto inapanda mgongoni mwa ya baridi, uzito wa hewa unapungua, na upepo unapakimbilia mahali pale ukizunguka. Halafu upepo mkuu wa magharibi unaisukuma dhoruba hiyo hadi mlangoni kwetu. Ikishapita, nyuma yake kwenye mpaka uleule nyingine imeshaanza kujikunja. Zinafuatana kama ndugu wa tumbo moja, na katikati yao kuna siku njema, jua linawaka, upepo umegeukia kaskazini magharibi. Wazee waliiita siku ya kuanikia nyavu. Unazianika, huendi nazo baharini.

Februari ile dhoruba ya kwanza ilipita, kukapambazuka kweupe. Bergen wakaagiza tufe libaki juu. Kabla kahawa haijachemka, mdogo wake Sjur aliingia, nahodha mwenye mdomo wa asali, akaketi bila kukaribishwa.

"Dada, mbingu imenawa uso," akasema. "Hilo dude lako linafanya nini bado huko juu?"

"Linamngoja ndugu yake."

"Samaki wa heringi wamejaa hadi mdomoni mwa ghuba. Nikikosa leo, mashua nanyang'anywa na wanaonidai. Lishushe asubuhi hii tu, mchana ulipandishe."

Gyda alikataa. Sjur akacheka, akamtania kwamba ameolewa na mlingoti, akamaliza keki yote na kuondoka. Haukupita muda akarudi amevua kofia. Mama ameanguka, akasema, yuko kitandani, anamwita.

Gyda hakuuliza mara mbili. Alivuka kisiwa mbio, skafu ikamwanguka njiani asiiokote. Alimkuta mama amejifunika hadi kidevuni, anaguna. Akamchemshia maji, akamkanda miguu. Kila alipoinuka, mama alimshika sketi. "Usiniache, mwanangu." Akakaa. Mwishowe akaushika mkono wa mama ili aupashe joto, akaona donge la unga uliokandwa limeganda katikati ya vidole, na unga mkavu umepanda hadi kiwiko.

"Mama, ulikuwa unasukuma mikate."

Mama Ingerid akageukia ukutani. "Alinililia, Gyda. Mtoto wa kiume akikulilia, ufanyeje? Ni siku moja tu."

Kutoka kizingitini mlingoti ulionekana vizuri. Ulikuwa mtupu. Na kwa kuwa kiapo ni kiapo, mashua zote zilikuwa zimetoka.

Alikimbia akilia kwa hasira zaidi ya hofu, akalitundika tufe kwa mikono iliyokufa ganzi. Waliokuwa karibu waliliona wakageuza. Alasiri upepo ukahamia kusini mashariki, theluji ikafunga macho, na ndugu wa pili akaingia bila kubisha hodi. Sjur alikuwa wa kwanza kurudi, mashua imejaa. Aslak, jirani yake Gyda, hakurudi.

Wanakisiwa walikutana kwenye banda la mashua. Sjur alisema alipoamka alilikuta tufe liko chini, akadhani limeshushwa kwa amri. Gyda akaeleza yote, hata unga. Macho yote yakamgeukia Mama Ingerid. Gyda naye alimtazama, na moyoni alikuwa na hakika kwamba atasema kweli, kwa sababu kiapo kilikuwa cha mama.

"Nilikuwa mgonjwa," mama akasema. "Binti yangu alikuwa kwangu. Ya mlingoti siyajui."

Kikulacho ki nguoni mwako. Walimnyang'anya Gyda mlingoti kwa kosa la kuuacha bila mtu. Ragnfrid, mjane wa Aslak, aliyekuwa akinywa naye kahawa kila siku, sasa kila alipomwona alivuka njia wasikutane. Hilo lilimchoma Gyda kuliko yote, maana hakuwa na la kumwambia ila lile ambalo tayari lilikuwa limekataliwa mbele ya watu. Sjur, Gyda angeweza kumsamehe. Mwizi ni mwizi, ukimjua unafunga mlango. Lakini mama hafungiwi mlango. Kila juma mama alimpelekea mikate myembamba ndani ya kitambaa, na kila juma Gyda alikirudisha kitambaa kikiwa kimekunjwa vilevile, mikate ndani.

Miaka ilipita. Asubuhi moja, mbingu nyeupe na upepo wa kaskazini magharibi, Sjur alisimama mlangoni amevua kofia, mvi zimemjaa.

"Dada, mama anakufa. Anakuita."

Gyda alikwenda, safari hii kwa kutembea. Mama alikuwa kitandani amebaki mifupa, pumzi inakwenda na kurudi. Gyda akaketi, akaushika mkono wake. Kabla hata ya salamu, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, akatazama katikati ya vidole.

Ulikuwa msafi. Mama alikijua kinachotafutwa, machozi yakamtoka.

"Leo ni kweli, mwanangu."

Gyda alikaa naye hadi mwisho. Lakini mkono aliurudisha juu ya blanketi.