Dirisha la Thelathini na Saba

Alal hutunza programu ambayo zahanati moja ya Bukoto huitumia kuandikia wagonjwa na dawa zao. Aliirithi kwa mzee Nasur, aliyestaafu. Mwaka huu ilibidi airekebishe, kwa sababu kompyuta mpya za zahanati hazikubali tena amri ya zamani ya kufungua madirisha ya programu. Amri ile ilipakia dirisha na kulishikilia yenyewe. Mpya hupakia tu. Kulishikilia ni kazi ya mwandishi wa programu, na akisahau, dirisha hutokea kufumba na kufumbua na kutoweka.

Madirisha ni arobaini na moja. Kwa wiki tatu Alal alibadilisha amri mojamoja, akafungua kila dirisha na kutia alama kwenye karatasi. Desturi hiyo ni ya baba yake, askari wa polisi, ambaye hakupokea zamu kabla ya yeye na mwenzake kugusa kila kufuli pamoja. "Jicho husamehe," baba yake alizoea kusema. "Kidole hakisamehi."

Ijumaa alasiri alimkabidhi bosi wake, Mubaraka, karatasi yenye alama zote na sahihi chini. Macho yalikuwa yakimwuma. Alifika mlangoni, akarudi.

"Nirudishie, bosi."

"Kwani umekosea jina lako?"

"Namba thelathini na saba nimeitia alama bila kuifungua. Jana nilichoka."

Mubaraka akaitazama. "Onyo la dawa inayomdhuru mgonjwa? Dada, hilo halijahitajika kwa mgonjwa yeyote tangu Pasaka! Jumatatu zahanati inaanza kuitumia kwenye kompyuta mpya, na Sista Jalia wa huko amenipigia mara tatu leo."

"Ndiyo maana naiomba."

"Kweli wewe mtoto wa polisi. Unajikamata mwenyewe!"

Alal hakucheka. Aliketi, akasajili mgonjwa wa kubuni anayedhurika na penisilini, kisha akamwandikia penisilini. Dirisha jekundu la onyo likatokea kufumba na kufumbua, likatoweka. Programu ikaruhusu dawa itolewe.

Mubaraka akainama kuitazama skrini.

Watu husema uchovu ni udhuru. Si udhuru. Mgonjwa hamezi uchovu wetu, humeza kidonge.

Kosa lilikuwa mstari mmoja. Alal aliurekebisha, akajaribu tena, na safari hii onyo likabaki palepale hadi alipolifunga mwenyewe.

"Haya, imeisha," Mubaraka akasema. "Nipe karatasi."

"Bado. Nimedanganya kwenye alama moja. Hizo arobaini nyingine utaziaminije?" Akaikata sahihi yake kwa mstari mrefu.

Mubaraka alivuta pumzi, akachukua simu. "Sista Jalia? Jumatatu haiwezekani. Jumanne... Hapana, si kompyuta. Ni sisi." Alisikiliza lawama mpaka mwisho, akakata simu, akavuta kiti karibu na meza.

"Tunaanza na lipi?"

"La kwanza," Alal akasema, akimsogezea kipanya. "Lifungue wewe. Mimi nitafungua baada yako."