Tulivyouamsha Mguu wa Sifa

Bado naikumbuka asubuhi ile, mwanangu, kana kwamba umande wake haujakauka. Ukungu ulikuwa umelala juu ya vilima vyetu vya Masisi, maharagwe yanatoa maua, nami nilikuwa mke kijana, nimempakata mtoto wangu wa kwanza, Sifa. Homa kali ilimshika angali mchanga. Akapona, lakini upande wake wa kuume ukabaki mlegevu. Wenzake walipoanza kukimbiza kuku, yeye alisimama kwa ncha za vidole, kisigino kikikataa kugusa chini, kisha akaanguka.

Asubuhi hiyo wazee wa ukoo walikaa uani kwetu kwa sababu yake. Baba mdogo wa mume wangu ndiye aliyeanza.

"Tuchanje ule muguu na wembe, tutie dawa. Ikishindikana, abaki ndani ya nyumba. Watoto wengine watakuya."

Nilitazama chini. Mke mgeni hana sauti mbele ya wazee, ndivyo tulivyolelewa. Aliyejibu alikuwa mama mkwe wangu, mwanamke wa maneno machache ambaye mimi, kusema kweli, nilimwogopa. Aliweka chini ungo wake.

"Papa, mbuzi yako ikivunjika muguu, unaifunga na kijiti. Huyu ni muntu. Kesho mukamwana wangu, huyu mama yake, atamupeleka ku hospitali ya Mweso. Shamba yake nitalima mimi."

Akauinua ungo wake, akaendelea kupepeta.

Tukashuka hospitalini, Sifa mgongoni. Tulipokewa na mama mmoja anayetibu viungo kwa mikono na mazoezi, wale tunaowaita kine. Nilimuuliza kwa hofu kama watampasua mtoto wangu.

"Hapana, mama. Mufupa iko muzima. Ile homa ilimugusa kichwa, sasa kichwa haitume nguvu muzuri kwa muguu. Musuli ya nyuma inavuta sana, ya mbele imelala. Tutalegeza moja, tutaamusha ingine."

Akanionyesha namna ya kunyoosha goti, kuusukuma wayo juu polepole, kuushikilia muda wa ubeti mmoja wa wimbo, na kuuachia kabla mtoto hajaumia. Akanifundisha kumwekea vitu vya kuchezea upande ule dhaifu, ili autumie bila kujua kwamba anatibiwa. Baadaye akamvalisha atele, kifaa kigumu kinachoshika wayo na kifundo, kisigino kisipate kupanda. Samaki mkunje angali mbichi, mwanangu. Kine hakuisema methali hiyo, lakini mikono yake iliisema.

Nyumbani, mama mkwe alikata mianzi akatengeneza vishikio viwili uani, kimo cha kifua cha mtoto, na mwishoni mwavyo akakaa yeye na hindi la kuchoma la kumvutia Sifa. Ah, jioni zile! Harufu ya mahindi, nyimbo za kanisani alizoziimba mama mkwe, na Sifa akijikokota kati ya mianzi huku bibi yake akimwita kama anayemwita malkia. Bandu bandu huisha gogo, ingawa zilikuwapo wiki ambazo gogo halikupungua hata kidogo, nami nikalia peke yangu kisimani.

Kisha vita vikatukimbiza. Mama mkwe aliacha sufuria zake zote. Atele akaifunga kiunoni. Tulilala katika darasa la shule moja pamoja na jamaa nyingi, na madawati yakawa vishikio vyetu. Humo ndimo, adhuhuri moja, Sifa alimoachia dawati. Akatikisika, akakanyaga, akakanyaga tena, akamwendea yule yule baba mdogo aliyekuwa ameketi mlangoni. Mzee akampokea magotini pake, akajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Mama," akamwambia mama mkwe, "nilisema mubaya."

"Ulisema," akajibu yeye. "Sasa mushike vizuri, asianguke."

Sifa leo ni mama. Bado anachechemea, na miteremko humchosha. Lakini analima, anakwenda sokoni, na anambeba mwanawe mgongoni. Mama mkwe tulimzika zamani, nami hadi leo nikisikia mwanamke akimwimbia mtoto mdogo, nageuka kutazama.

Basi nisikilize, mwanangu. Ukiona mtoto anatumia mkono mmoja tu, shingo yake imeinama upande, au miguu haishiki, usimfiche ndani ya kitenge na usingoje. Mpeleke kwa wanaojua. Wako watoto ambao kisu cha upasuaji ndicho msaada wao, na hilo aliamue daktari. Lakini wengi husaidiwa na kunyooshwa, kuchezeshwa, kiatu cha kushikilia, na mkono usiochoka. Fanya ulichoonyeshwa, usivute kwa nguvu. Na usimwachie mama mzigo peke yake: mmoja anyooshe mguu, mwingine alime shamba.

Mungu aipe mikono yako upole na moyo wako subira. Watoto wako wakue, wasimame, na hata atakayetembea polepole, asikose wa kumngoja njiani.