Upande wa Ndani wa Mtaalamu

Tk.

Ndivyo uzi ulivyolia mama yake alipoukata kwa meno. Mkasi ulikuwa hapo mezani, tena mkali, lakini mama akifika mwisho wa mshono aliinama, akauma, tk, kisha kimya. Katika kimya hicho aliigeuza nguo ndani nje na kuikagua polepole, kama mzazi anavyomkagua mtoto aliyetoka kucheza.

"Huko nje kila mtu anajua kupendeza," alizoea kusema. "Mimi nionyeshe ndani."

Binti aliyekuwa akikaa chini ya meza ile kuokota pini sasa ni mtu mzima mwenye cherehani yake. Mtaa mzima wa maduka unamwita Mama Pindo, maana hakuna aliyewahi kuona nguo ikitoka mikononi mwake na pindo lililokwenda upande. Naye hukata uzi kwa meno, ingawa daktari wa meno amemkataza mpaka amechoka. Na kugeuza, anageuza. Ukimletea hata foronya atataka kuiona tumbo.

Chumba chake kiko nyuma ya duka la dawa. Kina dirisha moja linaloona barabara kupitia uchochoro, kioo kirefu kilichomeguka pembe, pazia la kubadilishia nguo, na cherehani mbili zinazotazamana. Moja ni yake. Ya pili ni ya wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Wamekaa wakitazamana hivyo kwa miaka mingi, na mumewe husema hajui wanapata wapi maneno ya kusemezana bado.

Wanashona kila kitu, lakini kuna kazi moja ambayo Mama Pindo haiachii mkono mwingine. Ilianzia kwa mama yake. Mama aliugua, akakatwa titi moja, akapona, kisha akakataa kutoka nje. Kila gauni lilimlalia upande mmoja kama pazia lililong'oka ndoano. Binti akamshonea sidiria yenye mfuko wa ndani, na mfukoni akatia mto mdogo wa pamba. Mama akaivaa, akatembea mpaka mlangoni, akarudi akicheka mpaka machozi.

"Mwanangu, limehamia shingoni!"

Pamba ilikuwa nyepesi mno. Upande mmoja ukikosa uzito, bega lake hupanda na nguo huifuata. Basi akajaribu tena, akatia ndani ya mto kifuko cha shanga ndogo za kioo, akaongeza, akapunguza, mpaka mabega ya mama yakawa sawa. Mama akaivua, akaigeuza, akaitazama kwa muda. Siku ya pili alikwenda sokoni peke yake, tena kwa gauni la njano.

Muuguzi mmoja wa hospitali iliyo ng'ambo ya barabara, mama mtu mzima ambaye kila mtu alimwita Sista, aliiona sidiria ile mama aliporudi kliniki. Tangu hapo akawa anawaelekeza wanawake: vuka barabara, pita duka la dawa, bisha hodi. Walikuja mmoja mmoja, mkoba umekumbatiwa kifuani, na waliondoka mkoba ukiwa begani. Hicho ndicho Mama Pindo alichokiita mshahara, ingawa pesa pia alizipokea.

Halafu Sista akastaafu, akahamia kwa binti yake mbali. Wauguzi wapya hawakumjua fundi wa nyuma ya duka la dawa. Hodi zikapungua, kisha zikakoma. Lililomuuma Mama Pindo ni kwamba aliwaona. Dirishani kwake aliwaona wanawake wakitoka geti la hospitali, bega moja juu, mkoba kifuani, wakipita mbele ya uchochoro wake kwenda kituoni. Angewaitaje? Mtu hapigiwi kelele barabarani kwa jambo kama hilo.

"Wifi," akasema dada wa mumewe asubuhi moja, bila kuinua macho kwenye mshono. "Kiwanda cha sare kimeniita."

"Kimekuitia nini, uwapikie chai?"

"Nishone, ewe mwanamke! Nimewaambia nitawajibu mwisho wa mwezi." Cherehani yake ikasimama. "Nikiondoka, chumba hiki peke yako hukiwezi. Unajua hukiwezi."

Mama Pindo alijua. Na chumba kikifungwa, wale wa getini ndio hawatampata tena maisha.

Ni wifi huyohuyo aliyetoa wazo la mtandao, labda kwa kuona haya ya kutaka kuondoka. Walikuwa na ukurasa tayari, ulitengenezwa na kijana wa duka la kutoa kopi: picha ya cherehani, namba ya simu, na maneno "Karibuni nyote". Hakuna aliyekaribia. Kijana akawaambia kutengeneza ukurasa ni jambo moja, kuufanya uonekane watu wanapotafuta ni elimu nyingine kabisa, inaitwa SEO. Ina wataalamu wake wanaofundisha bure, mtu unawafuata tu mtandaoni.

"Nimfuate nani sasa?" akauliza Mama Pindo.

"Hapo ndipo penye kazi, mama," akajibu kijana. "Wako kama mchanga."

Akaanza na wa kwanza aliyejitokeza, bwana aliyejiita Nambari Wani. Alikuwa na wafuasi wa kujaza uwanja. Kila video aliifungua akiwa ameegemea gari, na gari lilikuwa jipya kila mara. Nambari Wani alifundisha kwamba neno lako ulirudie, ulirudie, ulirudie mpaka mashine ya kutafutia ichoke na kukupandisha juu. Mama Pindo akatii. Wifi akauchukua ukurasa uliomalizika, akasimama katikati ya chumba na kuusoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira.

"'Fundi bora wa nguo bora! Ukitaka fundi bora, njoo kwa fundi bora mwenye ufundi bora wa fundi bora!' Wifi, hapa unatafuta mteja au unapunga pepo?"

Walicheka mpaka muuza dawa akagonga ukuta. Lakini kicheko kilipokwisha Mama Pindo alibaki akiitazama simu. Alijaribu kumfikiria mwanamke aliyetoka getini akisoma yale maneno, akaona haya.

Ndipo sauti ile ikamrudia, tk, na kimya chake. Akajiambia: hawa nimekuwa nikiwatazama nje tu.

Tangu siku hiyo Mama Pindo alimgeuza kila mtaalamu ndani nje. Hakusoma alichoandika mtu leo. Alishuka chini, akashuka, mpaka kwenye maandishi ya zamani ambako hakuna anayetazama tena, na huko akatafuta mishono. Kwa Nambari Wani alikuta kwamba kabla ya SEO alikuwa akiuza chai ya kupunguza tumbo, kwa kiapo kilekile na, nadhani, magari yaleyale ya kuazima. Mwanamke mmoja aliyekuwa na maneno matamu alikuwa amefuta kila alichosema mwaka uliopita, ukurasa wake wa nyuma mweupe pee. Mwingine watu walimuuliza mara kwa mara, "Nimefanya ulivyosema, mbona biashara imezidi kupotea?" na hapakuwa na jibu hata moja, ila picha ya mikono iliyoshikana.

"Umewapata wangapi wazima?" wifi alimuuliza wakinywa chai.

"Nguo nzuri zote, wifi. Bitana ndiyo hakuna."

Siku zilikuwa zinakwenda. Wifi alianza kupeleka vitu vyake nyumbani kidogo kidogo: chaki leo, kesho kibweta cha pini.

Mama Pindo alimfikia mtaalamu aliyejiita Mkutubi kwa bahati, katika maoni chini ya ukurasa wa mtu mwingine. Hakuwa na gari wala picha yake mwenyewe. Aliweka picha ya rafu ya vitabu. Alikuwa amefanya kazi maktaba ujana wake wote, na aliandika kwamba kazi yake mpya ni ileile ya zamani: kuweka kitu pale ambapo mkono wa anayekihitaji utafika. Wafuasi wake wangeenea wote katika kikao kimoja cha harusi. Mama Pindo hakujiruhusu kufurahi. Akamgeuza.

Alishuka mpaka chini kabisa, na huko akakuta kitu ambacho hakukiona kwa mwingine yeyote. Maandishi ya zamani yalikuwapo yote, na juu ya baadhi yake Mkutubi alikuwa ameongeza mstari: "Hapa nilikosea. Nimejaribu tena, haikuwa hivi. Sikufuta, ili uone nilipopotea." Mahali pengine: "Hili nilifundishwa na fulani, mfuateni yeye, anajua kuliko mimi." Kwa njia hiyo Mama Pindo akapata wengine wawili, nao akawageuza, nao walikuwa na bitana.

"Wifi, njoo uone," akasema. "Huyu ameacha mpaka nyuzi alizofumua."

Akamwandikia. Alieleza kila kitu, Sista, geti, shanga, mama na gauni la njano, kisha akauliza ni neno gani alirudie ili aonekane. Jibu lilikawia mpaka akadhani amepuuzwa. Lilipokuja halikuwa na siri yoyote. Lilikuwa swali.

"Dada yangu, huyo mteja wako anapoishika simu yuko wapi, na anaogopa nini?"

Mama Pindo aliiweka simu mezani. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, na jibu alikuwa nalo, alikuwa nalo miaka yote. Yuko chooni, amejifungia. Au yuko kitandani, amegeukia ukutani ili mume asione. Hajui kitu anachokitaka kinaitwaje. Anaogopa kuchekwa, anaogopa fundi mwanamume, anaogopa kwamba watu wataona.

Akamjibu hivyo. Mkutubi akarudisha maneno machache: "Basi mwandikie huyo. Usimweleze ubora wako, mjibu anachouliza. Taja mtaa, taja hospitali iliyo karibu. Halafu subiri, mambo haya huchukua muda, na siwezi kukuahidi kitu. Ila ningekuwa mimi ndiye natafuta, ningependa kumkuta mtu kama wewe."

"Tusubiri?" wifi akasema. "Kwani mwezi huu unajua kusubiri?"

Hata hivyo waliketi wote wawili. Waliyafuta mabora yote. Wakaandika: "Umekatwa titi na nguo hazikukai sawa?" Wakaandika kwamba bega linaweza kurudi mahali pake, na jinsi linavyorudi. Kwamba amuulize daktari wake lini kidonda kitakuwa tayari, na asivae kabla. Kwamba atakayempima ni mwanamke, mlango umefungwa, pazia limeshushwa. Kwamba hana haja ya kueleza kitu. Aseme tu amekuja kwa kazi ya Mama Pindo. Kwamba sidiria ya kwanza kabisa Mama Pindo alimshonea mama yake mwenyewe, na ilihamia shingoni.

Wifi alisoma mpaka mwisho. Safari hii hakutumia sauti ya mpira.

"Hii iache hivihivi," akasema, akaenda kusimama dirishani kwa muda, akijidai anaangalia mvua.

Mvua haikuwapo.

Wakasubiri. Siku zikapita bila hodi, na siku ya mwisho ya mwezi ikawakuta kila mmoja na cherehani yake, wakishona. Wifi alikuwa ameshaukunja mkasi wake ndani ya kitambaa. Jua lilikuwa bado limekaa dirishani aliposimama na kutwaa mkoba.

"Basi, wifi."

"Basi."

Hodi ikapigwa.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mkoba kifuani, bega moja juu. Alitazama kioo, akatazama pazia, akamtazama mmoja na mwingine. "Nimekuja kwa kazi ya Mama Pindo," akasema kwa pumzi moja, kama aliyekuwa akiyarudia maneno hayo njia nzima.

Wifi ndiye aliyefunga mlango. Mama Pindo alishusha pazia. Aliishika futi ya kupimia kinyume, yeye ambaye hajawahi kukosea hata juu ya hariri, na mgeni akaona, na kwa sababu fulani kuona hivyo kukamtuliza.

"Umetupataje, mama?" wifi akauliza kutoka nje ya pazia. Hakuweza kujizuia.

"Niliandika tu. Nilijifungia, nikaandika, 'nimekatwa titi nguo hazikai'. Mkatokea nyinyi, na daktari akaniruhusu." Akacheka kidogo. "Nilimsomea mwenzangu wa kitanda cha pili hadithi ya shingoni. Alicheka mpaka akashika nyuzi za kidonda. Sasa wodi nzima inao huo ukurasa, wanasubiri nikawaambie kama ni kweli."

Nje ya pazia ikasikika sauti ya kitambaa kikikunjuliwa, na mkasi mzito ukiwekwa mezani, mahali pake pa siku zote.

"Wifi," ikasema sauti kutoka mezani, "shanga unataka zile ndogo?"

"Zile ndogo, wifi yangu."

Jioni ya siku ile Mama Pindo alimwandikia Mkutubi ahsante ndefu. Yeye akajibu kwamba ahsante hiyo ni ya mwalimu wake, mama mmoja aliyemfundisha bure alipokuwa hajui kitu, na kwamba atamfikishia. Mama Pindo akampenda zaidi kwa hilo.

Lakini hayo yalikuwa ya baadaye. Kwanza, nyuma ya pazia, aliinama juu ya mshono wa mwisho na kuuma uzi. Tk. Akaigeuza sidiria ndani nje, akaikagua mpaka akaridhika, akamvika mgeni na kumsogeza mbele ya kioo. Mabega mawili yalisimama sawa. Mgeni alijitazama, kisha taratibu akauchukua mkoba wake na kuutundika begani, akafungua mdomo ili ashukuru.

Mama Pindo alimtangulia. Alimwekea kiganja mgongoni, akainama sikioni mwake, na kwa sauti ambayo hata wifi nje ya pazia hakuipata, akasema:

"Ahsante kwa kunitafuta."