Mwenye Nyumba Anaponunua Nyumba

Mwenye nyumba wangu akienda kununua nyumba huwa mtu mwingine kabisa. Wiki iliyopita nilimwona ng'ambo ya ua, kwenye nyumba ambayo jirani yangu mjane anaiuza. Aligonga kuta kwa kidole kama anayebisha hodi, akakwangua rangi kwa ukucha mpaka ikabanduka, kisha akapiga magoti akanusa kona za sakafu. "Dada yangu, unyevu huu utaua mtu," alimwambia kwa sauti ya huruma. "Nani atapanga hapa? Punguza bei." Maskini, akapunguza. Mimi nimesimama na nguo nilizoanua, namtazama tu. Kwangu ukuta umelowa tangu mvua zianze, mjukuu wangu anakohoa usiku kucha, na kila nikimwita huyu baba haingii ndani. Husimama mlangoni, mikono mfukoni, macho juu. "Mama, fungua madirisha, nyumba ipumue."

Jana akaja anatabasamu, ufunguo mkononi. "Mama, kilio chako nimekisikia. Kwa ajili ya mtoto, nimekupatia chumba kikavu hapo ng'ambo." Nilidhani ananitania. Akanikabidhi ufunguo, akaongeza kwa upole, "Kodi itapanda kidogo, maana ile nyumba ni nzima." Nikamwomba Mungu subira, nikaurudisha ufunguo kwenye kiganja chake, nikavifunga vidole vyake juu yake. "Kama ni kukohoa, baba, mjukuu wangu atakohoa hapa hapa, kwa kodi ya zamani."