Kura Niliyompigia Mke Wangu

Nyumbani kwetu Small Heath, huku ughaibuni, barua zote nilifungua mimi. Baba yangu alifanya hivyo Garissa, nami sikuona sababu ya kubadilisha. Hata bahasha yenye jina la mke wangu niliipasua bila kumwuliza.

Mwaka mmoja, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, jamaa aliyegombea udiwani alitujia mkahawani akatuambia sisi wazee tuombe kura za posta kwa niaba ya watu wote wa nyumba zetu. Nilijaza fomu ya mke wangu. Karatasi yake ilipofika niliweka alama, nikaiga sahihi yake, nikaituma. Sikumwambia. Kwangu ilikuwa kazi ya baba wa familia, kama kusoma mita ya gesi.

Sikujua kwamba chama cha akina mama cha mke wangu, ambacho nilikidharau kuwa cha kushona tu, kilikuwa kimeweka cherehani kando na kuanza kufundishana mambo ya kura. Asubuhi ya uchaguzi alivaa buibui jipya.

"Baba watoto, leo napiga kura. Ya kwanza maishani mwangu."

Nilikuwa nimesikia kwamba watu hufungwa kwa jambo kama lile. Ningeweza kusema pale pale jikoni, tulikuwa wawili tu. Badala yake nilichukua koti, nikamfuata.

Mwenyekiti wa chama chao, mjane Mkongo wa mtaa wa Lozells, alikuwa akimsubiri nje pamoja na akina mama wengine.

"Papa, na wewe unakuya? Usiogope, bibi yako tutakurudishia."

Kituo kilikuwa katika ukumbi wa shule ya msingi. Karani aliteremsha rula kwenye orodha, ikasimama kwenye jina la mke wangu. Akasema mama huyu aliomba kura ya posta, kwa hiyo hapa hapewi karatasi. Mlangoni alisimama polisi. Niliona kama hamtazami mtu mwingine ila mimi.

"Nani aliomba?" mwenyekiti akauliza.

Mke wangu aligeuka kunitazama. Nikainamisha macho kwenye viatu vyangu.

"Mimi," akasema. "Nilituma, nikasahau."

Wenzake wakaangua kicheko. "Wee mama, kura ni maharagwe, unayaacha jikoni na kuyasahau?" Akacheka pamoja nao. Mimi nilikuwa nikimtazama yule polisi.

Tulipokuwa tunarudi alisema, "Nimekusitiri kwa ajili ya watoto. Barua zangu usizishike tena."

Sikuzishika, naye uchaguzi uliofuata akapiga kura yake mwenyewe. Lakini kwa miaka mingi, harusini na madukani Coventry Road, wale wanawake walimtania kwa usahaulifu wake. Kila mara nilingoja aseme. Hakusema. Mwenyekiti amefariki akiamini kwamba mke wangu alisahau kweli. Waliobaki nimewaomba waje nyumbani Jumamosi wanisikilize, na mke wangu hajui nimewaitia nini. Naogopa kama nilivyoogopa siku ile.