Jezi Zilizonuka Ubani

Si kweli kwamba wifi yangu aliiroga timu yetu ya mpira wa kikapu. Tangu mechi za mtoano zianze yeye ndiye aliyefua jezi, akazikunja kwa vidole vilivyochubuliwa na sabuni, akazifukiza udi kama nguo za harusi. Kila timu iliposhinda, mashabiki walipita mlangoni wakiimba, “Mama Udi, tufukizie tena!” Naye alikuwa akicheka bila sauti. Siku ya fainali alikuwa ametoka matangani kisiwani Koyama, kumzika mwanawe, akazifukiza jezi vilevile. Wachezaji wakaingia uwanjani wakinuka ubani wa mazishi. Shabiki mmoja akapaza sauti, “Nani katuvisha sanda?” Wakashindwa. Nilipomwambia habari ya harufu, wifi alinusa vidole vyake. Hafui tena jezi. Mkono wake ulikuwa bado matangani, ukachukua ubani badala ya udi. Asiniulize mtu zaidi.