Kalamu Mbili za Bluu

Nilihamia Sumbawanga na sanduku moja, bahasha ya kaki yenye vyeti vyangu, na ndoo ya migebuka mikavu, samaki wa Ziwa Tanganyika. Kati ya vyote hivyo, migebuka ndiyo iliyopokewa vizuri. Kwa miaka ishirini na mmoja nilikuwa muuguzi mkunga kwenye zahanati ndogo ya binafsi karibu na Kipili, nikizalisha wake za wavuvi, mpaka wenye zahanati walipochoka kuiendesha wakafunga milango na kunishukuru kwa barua ya mistari minne. Serikalini umri ulikuwa umeshanipita. Nikaja mjini, nikapanga chumba Katandala, nikaanza kuzunguka na bahasha.

Sikuwa na mtoto wa kusomesha wala mgonjwa wa kutunza. Mume wangu alishafariki na watoto wangu wanajitegemea. Nalisema hili mapema ili msije mkanitafutia sababu ya kunionea huruma. Nilichotaka ni kuitwa nesi tena, basi. Kazi nyingine sijui, na sikutaka kujifunza.

Mahali pa kwanza waliniuliza kama najua kompyuta. Pa pili waliniangalia miguu, maana baridi ya Juni ilikuwa imenikuta sijajiandaa na nilivaa kandambili juu ya soksi, wakasema wataniita. Hawakuniita. Pa tatu binti wa mapokezi alisoma tarehe za vyeti vyangu kwa sauti, akacheka, akasema nilipomaliza chuo yeye hata hajazaliwa. Nilitamani kumwambia huenda ndiyo maana hajafundishwa kusalimia. Nilizaliwa na hasira za karibu, na mwezi ule nilizimeza mpaka nikapata kiungulia.

Mahali pa nne ni kituo cha afya cha mtu binafsi, ambacho sitakitaja. Msimamizi wa wodi ya wazazi alikuwa mwanamke wa kutoka Mbeya, mdogo kwangu kwa miaka kama kumi na mitano, nadhifu, mwenye viatu ambavyo ulivisikia kabla hajafika. Siku ya kwanza alinipa shikamoo. Siku ya pili akasema, "Mambo, mama." Siku ya tatu akanionyesha ndoo ya deki.

Makubaliano yetu yalikuwa mafupi. Nijitolee mwezi mmoja bila mshahara, halafu uongozi utakaa kikao kuamua kama wananiajiri. Ndivyo ilivyo siku hizi. Wauguzi wamejaa mitaani, na kila kituo kina wanaojitolea, wanaovaa gauni jeupe na kutumwa chai. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba nisimguse mzazi bila kuambiwa. Nilimpelekea nusu ya migebuka. Aliipokea kwa vidole viwili, akalalamika kwamba ofisi itanuka, jioni akaondoka nayo.

Nikapiga deki. Nikakunja shashi, nikachemsha vyombo, nikafuata maandazi ya mabinti wa zamu. Walikuwa wanatumia kimashine cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, kile kinachoonyesha namba chenyewe, na walipoiona fetoskopu yangu ya mbao kwenye mkoba, kipembe kile nilichokitumia miaka yote, waliipitisha mkono kwa mkono na kuipuliza kama vuvuzela. Nilicheka nao. Moyoni nilikuwa nawatakia mabaya, siwezi kusema uongo.

Ilikuwa imebaki siku moja kabla ya kikao pale alipoletwa binti mmoja kutoka Izia, mimba ya kwanza, uchungu umemshika tangu alfajiri. Alikuja na mama mkwe wake, bibi mwembamba mwenye kitenge kilichofifia. Bibi yule alipoingia alichuchumaa mbele ya muuguzi wa zamu na kupiga makofi taratibu, viganja vimejikunja, kama tunavyosalimia sisi Wafipa mtu tunayemheshimu. Muuguzi wa zamu alikuwa anasoma simu. Bibi akangoja, halafu akanigeukia mimi niliyekuwa na fagio la deki mkononi, akarudia makofi yale yale. Nikampa shikamoo na kumwitikia kwa Kifipa. Uso wake ukatulia kabisa.

Muuguzi wa zamu alimpima yule binti saa mbili asubuhi. Akafungua fomu ya patografu, ile tunayojaza kila nusu saa mapigo ya moyo wa mtoto na maendeleo ya uchungu, akaandika mstari mmoja. Kisha akaenda kunywa chai, na chai ile ilikuwa ndefu. Msimamizi alikuwa ofisini kwake mlango umefungwa. Saa nne chupa ya uzazi ilipasuka. Maji yalitoka ya kijani, na mimi ndiye niliyeyapiga deki.

Mtoto akijisaidia ndani ya maji yake, mkunga yeyote anajua aanze kuwa na wasiwasi. Nikatoa fetoskopu. Sikuwa nimeambiwa nimguse, lakini sikio langu lilishashuka lenyewe. Nilihesabu dakika nzima nikapata tisini na sita, na hayatakiwi kushuka chini ya mia na kumi. Nikangoja uchungu mwingine upite, nikahesabu tena, moyo ukashuka zaidi na kukawia kupanda. Kule ziwani mapigo kama hayo yangenifanya nipige kelele kijiji kizima kisikie, boti itafutwe hata kama mwenye boti yuko msibani. Hapa hospitali kubwa haikuwa hata mbali. Kwa bajaji ni dakika chache.

Nikaenda kugonga mlango wa msimamizi. Nikamweleza mapigo, nikamweleza maji, nikamwambia kwa maoni yangu tumpe rufaa sasa hivi. Alinisikiliza huku anapanga karatasi. Aliponijibu hakupandisha sauti.

"Mama, wewe hapa unajitolea. Nikihitaji ushauri nitakuita. Na hicho kipembe chako nilikwambia kikae kwenye mkoba."

Akasema muuguzi wa zamu yupo na mashine ipo. Akanikumbusha kwamba kesho kuna kikao.

Nilijua la kufanya. Nataka ieleweke hivyo. Sikubabaika wala sikuwa na shaka na nilichokisikia. Ningeweza kumwambia mganga wa zamu aliyekuwa chumba cha pili. Ningeweza kumnong'oneza bibi kwa Kifipa, mchukueni mwende hospitali kubwa, na msimamizi asingeelewa hata neno. Badala yake nilisema, "Sawa, madamu," nikarudi kwenye ndoo yangu.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni mwa leba. Aliniuliza kwa Kifipa, kwa upole kabisa, mtoto anaendeleaje. Nikamwambia anaendelea vizuri. Akapiga makofi mawili madogo, akaenda kukaa kwenye benchi.

Nikamsugua yule binti mgongo. Hilo nililifanya vizuri, na kwa muda mrefu. Alinishika mkono kila uchungu ulipompanda, akaniuliza mara tatu kama atakufa, na mara tatu nikamwambia hapana. Angalau hapo sikudanganya. Muuguzi wa zamu alirudi karibu na saa sita, akaweka mashine, akaihamisha huku na huku, akasema betri imeisha.

Mtoto alizaliwa saa saba mchana, wa kiume, mkubwa, mzuri, amelegea kabisa. Hapo wakaniita. Ghafla wote wakakumbuka kwamba nina uzoefu. Nilimfuta, nikamsugua, nikamwekea mpira wa kumsaidia kupumua na kuubana mpaka viganja vikafa ganzi. Kifua kilikuwa kinapanda kwa sababu mimi nilikuwa nakipandisha. Nilipoacha, hakikupanda tena.

Bibi hakulia kwa sauti. Alimwangalia mjukuu wake akiwa amefungwa kitenge, akauliza kama wanaweza kwenda naye nyumbani, akaambiwa angoje karatasi.

Nusu saa baadaye msimamizi akaniita ofisini, akafunga mlango. Juu ya meza kulikuwa na patografu ya yule binti, mstari mmoja wa saa mbili na chini yake nyeupe tupu. Aliigeuza karatasi ile mara mbili kama vile nyuma kungekuwa na kitu, na nakiri nilifurahi kumwona hivyo.

"Wewe una mwandiko mzuri," alisema, "na unajua yanavyokwenda. Hii wakaguzi wakiikuta hivi, tunaondoka wote, na kikao hakitakuwepo."

Akanisogezea kiti. Kwa mwezi mzima hakuwahi kunipa kiti.

Nikakaa, nikajaza. Patografu ya uongo hutambulika upesi, maana anayeighushi huandika moyo unaopiga mia na arobaini asubuhi nzima, na moyo wa namna hiyo haupo. Mimi niliandika mia thelathini na sita, mia arobaini na mbili, mia ishirini na nane. Nilibadilisha kalamu katikati, zote mbili za bluu lakini moja ikiwa na wino mzito kidogo, kwa sababu kwenye wodi ya kweli kila mtu anaandika kwa kalamu iliyo karibu. Kiboksi cha saa nne na nusu nilikiacha wazi, maana muuguzi wa kweli husahau. Maji niliyaandika meupe mpaka saa sita na nusu. Pale nikashusha mapigo ghafla, nikaandika kwamba hatua zilichukuliwa haraka. Muuguzi wa zamu akasaini. Msimamizi aliisoma mara mbili, akanitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuiona kwa mtu yeyote mjini hapa.

Kesho yake nikaajiriwa. Barua ilisema uongozi umeridhishwa na nidhamu na uzoefu wangu. Nilinunua viatu vya kufunika vidole, na tangu siku hiyo msimamizi ananipa shikamoo kila asubuhi.

Wiki ya pili wakaja, yule binti na mama mkwe wake, kwa ajili ya kuangaliwa baada ya uzazi. Maziwa yalikuwa bado yanamtoka, gauni limelowa kifuani. Bibi aliwapita wauguzi wote, akaja mpaka nilipo, akachuchumaa kwenye sakafu ambayo sasa wanaipiga deki wengine, akapiga makofi yale ya taratibu. Akanipa mfuko mdogo wa maharage. Nikaupokea kwa mikono miwili.

"Siku ile ni wewe peke yako uliyetujibu, nesi," alisema. "Akijaliwa mimba nyingine tutakuja kwako tu. Hatutaki mwingine."

Nikamwambia karibuni. Kisha nikamwomba binti apande kitandani, nikachukua kalamu, nikaanza kumjazia kadi.